Mkono wa Fundi na Uhalisia Pepe: Historia ya Mguso katika Usanifu wa Vitu, kwa Mfano wa Karakana za Bondeni, Nakuru

Waandishi wa historia ya usanifu kwa kompyuta huianza aghalabu mwaka 1963. Katika mwaka huo Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, alitoa tasnifu kuhusu programu yake ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora juu ya kiwambo kwa kalamu ya nuru, na mashine ikauelewa mchoro wake kuwa ni umbo lenye kanuni. Mwanzo huo una ukweli wake, lakini una kasoro moja: unayahesabu macho na kuusahau mkono. Makala haya yanakusudia kuiangalia historia hiyo kwa kuufuata mkono, yaani namna mguso ulivyokuwa sehemu ya usanifu, ulivyoondolewa, na jinsi wataalamu walivyotumia fedha na miaka mingi kujaribu kuurudisha. Kwa kuwa habari za mashine hizo zimewafikia wasemaji wa Kiswahili kwa njia ya istilahi, suala la lugha litachukua nafasi kubwa. Mfano utatolewa Bondeni, Nakuru, na katika Bonde la Ufa la kati kwa jumla, mahali ambapo kazi ya mkono ina historia ndefu kuliko pengi duniani.

Urefu wa historia hiyo si maneno ya kujisifu. Kusini-mashariki ya Nakuru, karibu na Gilgil, pana mahali paitwapo Kariandusi, palipogunduliwa na msafara wa Louis Leakey mwaka 1928 na kuchimbuliwa katika miaka iliyofuata. Hapo yalipatikana mashoka ya mkono mengi, mengine ya mawe meusi yenye kung'aa kama kioo yaliyotokana na volkeno. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Shoka la namna hiyo halina mpini. Limechongwa pande zote mbili kwa kuligonga na jiwe jingine, kipande baada ya kipande, hata likapata ncha upande mmoja na uzito wa kushikika upande wa pili. Mchongaji hakuwa na mchoro wala kipimo cha kuandikwa. Kila pigo lilimrudishia habari mkononi: jiwe limekubali au limekataa, ufa umekwenda alikotaka au umepotoka. Pigo lililofuata lilitegemea habari hiyo. Wahandisi wa leo wangeuita mzunguko huu mrejesho wa nguvu. Mchongaji wa Kariandusi, bila shaka, hakuhitaji kuupa jina.

Kutoka enzi hiyo hadi Bondeni ni mruko mkubwa, na hapana haja ya kudai kwamba kuna uzi usiokatika baina yake. Mji wa Nakuru wenyewe ni mtoto wa reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904, na baada ya muda mrefu, tarehe 1 Desemba 2021, ukapewa hadhi ya jiji. Bondeni ni mmoja wa mitaa yake ya zamani ya Waafrika. Reli na mashamba ya walowezi vilikusanya hapo watu wa lugha nyingi, na lugha iliyowawezesha kushirikiana katika kazi ilikuwa Kiswahili. Lugha hiyo ya kazi inaeleza historia yake yenyewe kwa mtu anayeisikiliza. Nyundo na kitenzi fua ni maneno ya Kibantu. Msumari ulitoka Uarabuni. Karakana na randa ni ya Kiajemi, nayo yalienea sana kwa mafundi wa Kihindi. Spana na welda yalikuja na Waingereza na mashine zao. Fundi wa Bondeni anayevitaja vyombo vyake kwa sentensi moja anakuwa amezunguka Bahari Hindi yote pasi na kujua.

Msamiati wa vipimo ni mkongwe zaidi, na ndio unaohusika hasa na mada hii. Kabla ya futi na mita kuenea, Kiswahili kilipima kwa viungo vya mwili. Shibiri ilikuwa nafasi baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho pindi mkono unapotanuliwa. Futuri ilikuwa fupi zaidi, kutoka gumba hadi kidole cha shahada. Dhiraa au mkono ilianzia kiwikoni. Pima ilikuwa mikono minne. Kwa ujazo palikuwa na konzi, ukufi na chopa, na kila kimoja kilitofautishwa na kingine kwa namna kiganja kinavyofunguliwa au kufungwa. Wasomi wamezoea kuvitaja vipimo hivi kama ushahidi wa upungufu, kwa sababu mikono ya watu hailingani. Hoja hiyo ni sahihi sokoni. Karakanani haina nguvu sana, kwani mtu anayetengeneza mpini wa jembe kwa kipimo cha mikono anapima kwa kitu kile kile kitakachoushika mpini huo. Kipimo na matumizi ni kitu kimoja.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu ajira nchini Kenya, iliyowatambulisha wasomi na serikali kwa sekta ambayo hadi hapo ilikuwa ikifukuzwa barabarani. Mwaka 1977 Kenneth King akachapisha kitabu chake juu ya fundi wa Kiafrika, akieleza jinsi ujuzi ulivyopitishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi nje ya shule. Jina lililoshika ni lile walilopewa mafundi kwa kufanya kazi bila paa: jua kali. Serikali ililikubali hata katika maandishi yake rasmi, ikalitumia katika waraka wa bunge wa mwaka 1992 uliohusu maendeleo ya biashara ndogo na jua kali. Ni nadra neno la mtaani kupanda hadi kwenye jalada la waraka wa serikali pasipo kutafsiriwa.

Kitu kinachoonyesha vizuri kuliko vyote usanifu wa jua kali ni jiko la makaa lenye kigae ndani, lililoenezwa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chimbuko lake ni jiko la ndoo la Thailand, lakini umbo lililoshinda lilikuwa jingine: pana juu, pana chini, jembamba kiunoni, kigae cha udongo kikikaa katika nusu ya juu. Jiko hili lilitumia makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, na lilitengenezwa na mafundi wale wale waliokuwa wakitengeneza hilo la zamani. Kwa mtazamo wa jiometria, ganda lake ni pia mbili zilizokatwa vichwa na kuunganishwa. Ili kupata pia ya namna hiyo kutokana na bati bapa, hapana budi kukata kipande chenye umbo la upinde, na ukikosea upinde huo kidogo tu, kingo hazitakutana. Mhandisi hulipata jibu kwa hesabu. Programu za usanifu hulitoa kwa amri moja. Fundi hulipata kwa kigezo: kipande cha bati kilichokwisha kupatikana kuwa sawa, ambacho huwekwa juu ya bati jipya na kuzungushiwa alama. Neno kigezo sasa limekuwa la wahakiki wa fasihi na watahini, kwa maana ya sifa ya kupimia jambo. Maana yake ya asili ilikuwa hii ya karakanani, kitu cha kunakilia, nayo ingali hai.

Hata hivyo kigezo hakimalizi kazi, na hapa ndipo kiini cha suala. Bati likikunjwa hurudi nyuma kidogo baada ya kuachwa. Kiasi cha kurudi kwake hutegemea ugumu na unene wake. Kiwanda kinachonunua bati la aina moja kinaweza kukihesabu kiasi hicho mara moja na kuendelea. Fundi wa jua kali hutumia chakavu: leo pipa la mafuta, kesho mlango wa gari, kesho kutwa bati la paa. Kila kipande kina tabia yake. Kwa hiyo hukunja kupita kiasi anachotaka, akiusikiliza ukinzani wa bati mkononi, kisha huliachia lirudi. Ukimwuliza amejuaje pa kukoma, jibu lake huwa ni kukuonyesha tena. Ujuzi huo haumo katika mchoro wala hauwezi kuingizwa humo, kwa sababu mchoro huchukulia kwamba maada ni moja kila mahali.

Usanifu wa kompyuta ulijengwa juu ya dhana hiyo hiyo ya mchoro. Katika miaka ya 1960 Pierre Bézier wa kampuni ya Renault, na kabla yake kidogo Paul de Casteljau wa Citroën, walitafuta njia ya kuieleza kwa hesabu mikunjo ya bodi za magari. Mafanikio yao ni makubwa. Hata maumbo ya herufi za maandishi haya yanategemea mikunjo ya namna hiyo. Lakini tatizo lililowasukuma linastahili kukumbukwa. Tangu Harley Earl alipoingia General Motors mwaka 1927, wasanifu wa magari waliunda kwanza mfano wa udongo wa mfinyanzi, wakaupapasa kwa viganja kutafuta kibonyeo kisichoonekana kwa macho. Kuuhamisha mfano huo kwenye michoro na kalibu kulipoteza muda na usahihi. Hesabu ya mikunjo iliziba pengo hilo, na wakati huo huo ikauweka mkono kando. Mnamo mwaka 1964 Douglas Engelbart na wenzake walikwisha kuunda kipanya chao cha kwanza. Kupitia chombo hicho mkono wote, wenye vidole vitano na ngozi yake yote, ulipunguzwa ukawa nukta moja inayotembea juu ya kioo. Inafaa kuongeza kwamba kampuni kubwa za magari hazijauacha udongo mpaka leo.

Jitihada za kuurudisha mguso zilianza mahali pasipotarajiwa, katika kazi za atomiki. Raymond Goertz, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, alihitaji kushika vitu vyenye mnururisho hatari kutoka upande wa pili wa ukuta. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliunda mikono ya chuma iliyoongozwa na mikono ya mtu kwa nyaya, na mwaka 1954 akatoa ile ya umeme iliyoweza kumrudishia mtendaji ukinzani wa kitu kilichoshikwa. Sutherland naye, katika makala fupi ya mwaka 1965, alisema kwamba kiwambo cha kompyuta hakipaswi kuishia kwenye macho, bali kiihudumie milango mingi ya fahamu kadiri iwezekanavyo, ikiwa ni pamoja na nguvu inayosikika mkononi. Wazo hilo lilichukuliwa na Frederick Brooks katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwaka 1967 alianzisha mradi uliotumia baadaye mkono wa Argonne, na kufikia mwaka 1990 mwanakemia aliweza kuishika molekuli ya dawa iliyochorwa na kompyuta, akahisi ikivutwa na kusukumwa ilipokuwa ikitafuta nafasi yake. Jina la mradi huo kwa Kiingereza lina maana ya kupapasa gizani.

Glovu zilikuja baadaye. Ile ya kampuni ya VPL, iliyojulikana kwa jina la DataGlove na kutangazwa mwaka 1987, ilipima kukunjika kwa vidole kwa nyuzi za nuru na kuuonyesha mkono wa mvaaji ndani ya kiwambo. Watu walishangilia sana. Lakini mkono huo ulipofika kwenye ukuta wa kuchorwa, ulipita. Kitu kilichoonekana hakikuwa na ukinzani wowote. Chombo kilichotoa jibu bora zaidi kilikuwa kidogo na hakikufanana na mkono kabisa. Mwaka 1993 Thomas Massie, mwanafunzi wa chuo kile kile cha Sutherland, akiwa na mwalimu wake Kenneth Salisbury, alitengeneza mkono mdogo wa chuma wenye injini za umeme, ambao mtu alitia ncha ya kidole chake ndani ya kikombe kama mtondoo wa mshonaji. Waliuita PHANToM, yaani mzuka. Kidole kilipogusa umbo lisilokuwepo, injini zilisukuma, na kidole kikakoma. Mwaka 1999 kampuni yao ilitoa programu ya FreeForm, ambayo kwayo msanifu alichonga udongo wa kompyuta kwa kalamu yenye kurudisha nguvu, akiukwangua na kuulainisha kana kwamba ameushika. Miongoni mwa waliokuwa na haja nayo ni wasanifu wa viatu na wa vitu vya kuchezea watoto, yaani vitu vyenye mikunjo isiyo na kanuni.

Kuna jambo moja la kiufundi hapa lisilofaa kupitwa haraka. Macho hudanganyika kwa urahisi: picha 24 kwa sekunde zinatosha kuyafanya yaone mwendo. Mkono haukubali. Ili ukuta wa kuigiza usikike kuwa mgumu, mashine hulazimika kukadiria nguvu na kuirekebisha takriban mara 1,000 kwa sekunde. Chini ya hapo ukuta hutetemeka au huwa laini kama sifongo. Kwa hiyo mlango wa fahamu uliodharauliwa kuwa wa mafundi umeonekana kuwa mkali zaidi katika hukumu zake kuliko ule wa wasomaji. Na bado chombo cha Massie kilirudisha mguso wa nukta moja tu. Mtu aliyekitumia alikuwa kama anayeichunguza dunia kwa ncha ya fimbo. Kamera zilizoanza kuuzwa kwa wingi tangu miaka ya 2010, ambazo hutambua vidole vyote bila glovu, zimeurudisha mkono mzima mbele ya kiwambo, lakini umerudi mtupu: unafinyanga hewa.

Ubora wa mkono mzima ulielezwa vizuri mwaka 1987 na wanasaikolojia wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky. Waligundua kwamba watu wanapotambua vitu bila kuviona hawavigusi ovyo, bali hutumia miendo michache iliyo maalumu, kila mmoja kwa ajili ya sifa yake. Msomi wa Kiswahili akiisoma orodha yao hupata mshangao mdogo, kwani karibu kila mwendo una kitenzi chake tayari. Kupitisha vidole huku na huku ili kujua ukwaruzo ni kupapasa. Kukandamiza ili kujua ugumu ni kubofya au kutomasa. Kuweka mkono na kuutuliza ili kujua joto ni kugusa tu. Kukizungushia kitu kiganja chote ili kujua umbo lake kwa jumla ni kufumbata. Kufuata ukingo wake hatua kwa hatua kunaelezwa barabara na ambaa, kitenzi cha mabaharia wanaofuata pwani bila kuiacha. Uzito peke yake ndio uliokosa kitenzi kimoja; husemwa kuinua, au kupima kwa mkono. Juu ya vyote hivyo kimekaa kitenzi sikia, ambacho katika Kiswahili si cha sikio pekee: mtu husikia baridi, husikia harufu, husikia maumivu. Ndiyo maana ilielekea hapo juu kusema kwamba fundi huusikiliza ukinzani wa bati, na hakuna msomaji aliyeona ajabu.

Istilahi za kompyuta zimeichota hazina hiyo kwa namna ambayo haina mpango, ingawa mara nyingine matokeo yake ni mazuri. Tarakilishi, neno lililoundwa kutokana na tarakimu na akili, linashindana na kompyuta na kwa kiasi kikubwa limeshindwa. Lakini kipakatalishi, kompyuta ya kuwekwa mapajani, kimebeba ndani yake kitenzi cha mama anayepakata mtoto, nacho kishikwambi kinaanzia kwenye kushika. Historia ya bofya ni ya kusikitisha kidogo. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni kubonyeza kwa vidole ili kujua ulaini wa kitu, kama embe linalochunguzwa iwapo limeiva. Lilikuwa neno la kuuliza: kidole kiliuliza, tunda likajibu. Leo katika maelekezo ya kompyuta lina maana ya kutoa amri kwa kidole, na kinachoguswa hakisemi lolote. Neno lililotaja mrejesho wa mguso kwa ukamilifu kuliko neno jingine lolote limepewa kazi ya kutaja mguso usio na mrejesho. Kuhusu uhalisia pepe, jina hilo limeshika kwa mfano wa barua pepe, na hapana sababu ya kulikataa. Mkulima wa mpunga tu ndiye atakayetabasamu, maana kwake pepe ni punje yenye ganda pasipo kiini.

Pana hatari ya kuyatia maneno haya chumvi. Ujuzi wa mkono una udhaifu wake, na jiko lenyewe ni shahidi. Mafundi walioliona na kulinakili kwa macho, bila kigezo, walitoa maganda yasiyolingana na vigae, na jiko ambalo kigae chake hakikukaa sawasawa halikudumu. Kisichoandikwa hakisafiri vizuri. Kile mhandisi anachokipata kwa mchoro, yaani uwezo wa kumfikishia mtu asiyemjua umbo lile lile bila kupungua, si kitu kidogo. Wala si kweli kwamba fundi wa Bondeni huchukia hesabu. Shule za ufundi za vijijini zilizoanza katika miaka ya 1960, na mfumo wa elimu wa mwaka 1985 uliotia kazi za mikono katika kila shule, zilikusudiwa kuviunganisha viwili hivi, zikafanikiwa hapa na kushindwa pale kwa sababu za fedha na walimu zaidi kuliko za nadharia.

Kinachobaki ni kazi ya watu wa lugha, nayo haijafanywa ipasavyo. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianza kutoa orodha za tafsiri sanifu katika miaka ya 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi kuu mwaka 1981 na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo zilianzia zaidi kwenye orodha ya Kiingereza na kutafuta visawe vyake. Kwa dhana ya mguso njia hiyo ni mbovu, kwa sababu Kiingereza ndicho chenye upungufu: kimelazimika kukopa neno la Kigiriki ili kuitaja elimu ya kugusa, ilhali Kiswahili kina vitenzi vinavyoitenganisha miendo yake mmoja mmoja. Anayetaka istilahi ya kalamu inayorudisha nguvu, au ya glovu inayokaza vidole, angefaa aende kwanza karakanani akaandike yasemwayo pale bati linapokataa kukunjika, linapolegea, na linapokubali, kwani kila hali kati ya hizo ina neno lake kwa mtu anayelikunja. Wanagenzi wa Bondeni huyajifunza maneno hayo pamoja na mwendo wa mkono, na fundi mzee anapoiacha kazi, hayo mawili huondoka kwa siku moja.